Faili la .ps halijafa: jinsi ya kulifungua, kulitazama na kulichapa

Siku shule zilipofungwa, mwalimu mmoja wa hisabati alishuka kwenye basi la Kasulu akaja moja kwa moja hadi kwenye steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nikamwamkia, akaitika, akatoa flashi mfukoni na kuiweka mezani taratibu kama anayeweka yai. Ndani mlikuwa na mafaili kumi na moja ya maelezo ya hisabati, aliyopewa na mhadhiri wake enzi akiwa chuoni miaka ya tisini.

"Kijana wangu," akasema, "nimepita maduka mawili. La kwanza wameniambia yana virusi. La pili wameniambia yamekufa, nikaandike upya. Kurasa zaidi ya mia sita, nitaziandika lini?"

Mafaili yale hayakuwa na virusi, wala hayakuwa yamekufa. Yalikuwa mafaili ya PostScript, yanayoishia na .ps, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeyafungua yote. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya walimu kama yeye, wanafunzi wa vyuo wanaokutana na makala za zamani, na wenzangu wenye steshenari ambao mteja akileta kitu kama hiki wanamrudisha nyumbani mikono mitupu.

Faili hili ni kitu gani

PostScript ni lugha ya kompyuta ya kueleza ukurasa. Picha ya kawaida huhifadhi vidoti vya rangi. Faili la PostScript huhifadhi maagizo: chukua fonti hii, nenda sehemu hii ya karatasi, andika herufi hizi, chora mstari kutoka hapa hadi pale, kisha toa ukurasa. Lugha hiyo ilitolewa mwaka 1984 na Adobe, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na John Warnock na Charles Geschke mwaka 1982. Mwaka 1985 Apple wakatoa LaserWriter, printa ya leza iliyobeba ndani yake kompyuta ya kuisoma lugha hiyo na kuchapa vidoti 300 kwa kila inchi. Vyuo vikuu viliipokea kwa mikono miwili. Wanahisabati na wanafizikia, ambao wengi wao huandika kwa programu ya TeX, wakawa wanatumiana makala zao kwa .ps. Ndiyo maana ukifungua hazina ya mtu aliyesoma sayansi miaka ya tisini, mafaili haya hayakosekani.

PDF ilifuata mwaka 1993, kutoka kampuni ileile, na mwaka 2008 ikafanywa kiwango cha kimataifa cha ISO. PDF ikaenea hadi kwenye simu, na .ps ikabaki nyuma kiasi kwamba kompyuta ya Windows uliyonunua leo haina kabisa programu ya kuisoma.

Hapo ndipo watu wanapopotea. Mtu asiyejua Kiha akifika gulioni huko Buhigwe na kusemeshwa Kiha hawezi kusema wenyeji ni mabubu, anatafuta mkalimani. Faili la .ps nalo linasema vizuri tu, ila kompyuta yako haijui lugha yake. Mkalimani wake anaitwa Ghostscript, programu iliyoandikwa na L. Peter Deutsch na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Inaendelezwa mpaka leo, na unaipata bure.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja: usilitume faili la .ps moja kwa moja kwenye printa. Ligeuze liwe PDF, litazame, ndipo uchape. Mimi nililijua hili kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza dukani nilituma faili la namna hii kwenye printa ndogo, nikaona zinatoka karatasi zimejaa alama na maneno yasiyosomeka, mstari wa kwanza ukianza na %!PS-Adobe. Nilipowahi kuitoa trei, karatasi zaidi ya arobaini zilikuwa zimeharibika na mteja amekaa pale ananitazama. Printa haikuwa mbovu. Printa nyingi za bei ndogo haziijui PostScript, kwa hiyo ile ilichapa maagizo yenyewe kama vile ni barua.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni lenyewe

Windows ina kawaida ya kuficha mwisho wa majina ya mafaili, hivyo hesabu.ps utaiona kama hesabu tu. Fungua folda, nenda kwenye menyu ya View, weka alama kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 11 chaguo hilo limo ndani ya View, kisha Show.

Sasa tengeneza nakala ya faili na ufanye kazi kwenye hiyo nakala. Bofya nakala kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuifungua kwa Notepad, na usome mistari ya juu. Usihifadhi chochote ukiwa humo. Notepad inaweza kuvuruga faili lenye picha ndani, na ukishalihifadhi hakuna namna ya kulirudisha. Soma tu, kisha funga.

Ukiona herufi mbili za kwanza ni %! basi hilo ni PostScript, hata kama jina lake halina .ps. Likianza na %PDF, ni PDF iliyopewa jina lisilo lake; badilisha mwisho wa jina uwe .pdf na kazi imekwisha. Likianza na PK, hilo ni furushi la zip au faili la Word la siku hizi. Ukiona maneno @PJL kwanza, na %! mistari michache chini yake, hilo lilitayarishwa kwa ajili ya printa fulani na mara nyingi jina lake huishia na .prn. Nalo ni PostScript, Ghostscript hulisoma.

Kuna pia .ps.gz, yaani faili lililobanwa ili lisile nafasi. Makala nyingi za zamani zimehifadhiwa hivyo. Lifungue kwanza kwa 7-Zip, litatoka .ps ndani yake.

Ukiwa bado humo Notepad, tazama mistari inayoanza na alama mbili za asilimia. Hii ni kama fomu ya utambulisho wa faili, na watu wengi hawajui kuwa ipo. %%Title ni jina la kazi. %%Creator ni programu iliyoitengeneza. Ukiona dvips ujue imetoka kwa mwandishi wa TeX. %%Pages ni idadi ya kurasa, iandike pembeni, utaihitaji baadaye. Na %%BoundingBox huwa na namba nne, kwa mfano 0 0 595 842.

Namba hizo nne zimenisaidia kuliko kitu kingine chochote. PostScript hupima kwa pointi, na pointi 72 ni inchi moja. Upana wa 595 na urefu wa 842 ni karatasi ya A4, hii tunayotumia sisi. Ukiona 612 na 792, faili hilo lilitengenezwa kwa karatasi ya Letter ya Marekani, ambayo ni pana kuliko A4 kwa milimita 6 na fupi kwa milimita 18. Mafaili saba kati ya kumi na moja ya mwalimu yalikuwa ya Letter. Ukilijua hilo mapema, hutashangaa baadaye pembezoni pakikatika.

Mwisho kabisa, shuka hadi chini ya faili. Faili zima kwa kawaida hufunga kwa %%EOF. Ikiwa linakatika katikati ya mstari, kuna siku flashi ilichomolewa kabla ya wakati au bando liliisha faili likiwa bado linashuka. Hapo tafuta nakala nyingine. Mkalimani hawezi kusoma barua iliyochanwa.

Hatua ya pili: weka Ghostscript na kitazamio

Nenda kwenye tovuti ya ghostscript.com, sehemu ya kupakua, uchague toleo la Windows lenye leseni ya AGPL, ndilo la bure. Chagua la 64-bit isipokuwa kompyuta yako ni ya zamani ya 32-bit. Hili utalijua kwenye Settings, System, kisha About. Faili la kusakinisha ni makumi ya megabaiti, kwa hiyo ukishalipakua liweke kwenye flashi na uwagawie wenzako kazini. Mimi nimeligawa katika maduka manne, na hakuna aliyelazimika kununua bando kwa ajili yake. Ila kila baada ya muda pakua toleo jipya, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Ghostscript yenyewe haina sura nzuri, ni dirisha jeusi la maandishi. Kwa kutazama, weka SumatraPDF. Ni programu ndogo, nyepesi, haisumbui kompyuta za zamani kama hizi tulizo nazo madukani, na ikikuta Ghostscript imeshawekwa inafungua .ps moja kwa moja kana kwamba ni PDF. Kama shida yako ni kusoma tu na huna haja ya kuchapa, unaweza kuishia hapa: bofya faili kwa kitufe cha kulia, lifungue kwa SumatraPDF, usome.

Wenye Linux wana nafuu kubwa. Amri ya sudo apt install ghostscript okular inatosha kwenye Ubuntu na jamaa zake, na Okular hufungua .ps bila maswali. Wenye Mac wajue kwamba programu yao ya Preview iliacha kufungua .ps kuanzia macOS Ventura ya mwaka 2022, kwa hiyo nao wanahitaji Ghostscript.

Hatua ya tatu: geuza kuwa PDF

Hapa ndipo penye kazi. Usiogope dirisha jeusi. Utaandika mstari mmoja.

Tengeneza folda fupi, kwa mfano C:\kazi, na uweke humo nakala za mafaili. Yape majina mafupi yasiyo na nafasi katikati: hesabu1.ps, wala si "Maelezo ya hisabati sura ya 1.ps". Fungua folda hiyo, bofya kwenye kisanduku cha juu kinachoonyesha anwani ya folda, futa kilichomo, andika cmd na ubonyeze Enter. Dirisha jeusi litafunguka likiwa tayari ndani ya folda yako.

Kwanza lionyeshe Ghostscript iko wapi:

set PATH=%PATH%;C:\Program Files\gs\gs10.04.0\bin

Namba ya 10.04.0 ni mfano. Fungua C:\Program Files\gs uone yako ni ipi, uandike hiyo. Amri hii hudumu mpaka utakapofunga dirisha, ukirudi kesho utaiandika tena. Kisha:

gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -o hesabu1.pdf hesabu1.ps

Kwenye kompyuta ya 32-bit andika gswin32c. Sehemu ya pdfwrite inamwambia mkalimani atafsiri kwenda PDF. Baada ya -o linakuja jina la faili litakalozaliwa, na mwisho jina la faili ulilonalo. Utaona mistari michache ya maandishi ikipita, kisha dirisha litatulia. Fungua folda, hesabu1.pdf iko pale.

Kama mafaili ni mengi, usiyafanye moja moja:

for %i in (*.ps) do gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -o "%~ni.pdf" "%i"

Mstari huo uligeuza mafaili yote kumi na moja ya mwalimu wakati tukinywa chai. Kwenye Linux ni fupi zaidi, andika tu ps2pdf hesabu1.ps.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana malalamiko mengi yanatokea hapa. Kuna mafaili ambayo hayasemi yanataka karatasi ya ukubwa gani. Ghostscript ikikuta faili la namna hiyo hutumia ukubwa iliowekewa, na ikiwa ni Letter wakati kazi ni ya A4, mistari ya juu ya kila ukurasa itapotea: kichwa cha habari, namba ya ukurasa, mara nyingine swali zima la kwanza. Sababu yake ni kwamba PostScript huanza kuhesabu kutoka kona ya chini kushoto. Karatasi ikipungua urefu, kinachokatwa ni juu, pointi 50, karibu sentimita mbili. Watu huona hivyo wakadhani faili limeharibika. Dawa ni kutaja karatasi:

gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -sPAPERSIZE=a4 -o hesabu1.pdf hesabu1.ps

Lile lililotengenezwa kwa Letter, na unataka likae vizuri ndani ya A4, ongeza maneno mawili ya kulilazimisha karatasi na kulipima upya:

gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -sPAPERSIZE=a4 -dFIXEDMEDIA -dPSFitPage -o hesabu1.pdf hesabu1.ps

Kurasa zenye majedwali mapana nazo huweza kugeuzwa upande usiotakiwa, kwa kuwa Ghostscript hujaribu kukisia maandishi yameelekea wapi. Ikikosea, ongeza -dAutoRotatePages=/None.

Na faili la .eps? Hilo ni ndugu wa .ps, lakini ni picha moja tu, kwa kawaida nembo ya shule, ya kanisa au ya kikundi. Mteja anataka nembo iwekwe kwenye cheti au fulana, na Word inaikataa. Igeuze iwe picha ya PNG yenye usuli ulio wazi, ikatwe kwenye mipaka yake:

gswin64c -sDEVICE=pngalpha -r300 -dEPSCrop -o nembo.png nembo.eps

Hiyo 300 ni vidoti kwa inchi. Kwa bango kubwa iongeze, kwa sababu .eps iliyochorwa kwa mistari haipotezi ubora hata ukiikuza. Kinachopotea ni pale ulipoitoa ndogo halafu ukaja kuivuta baadaye.

Ikikataa

Ukiona neno undefinedfilename, umekosea jina la faili au uko kwenye folda isiyo yake. Andika dir uone majina yaliyopo. Ukiona undefined peke yake pamoja na maneno mengine usiyoyaelewa, mara nyingi faili si PostScript au limekatika, rudi hatua ya kwanza. Ukiona invalidfileaccess, faili linajaribu kusoma kitu kingine ndani ya kompyuta yako na Ghostscript imelizuia.

Hilo la mwisho nataka tulisimamie kidogo. PostScript ni lugha kamili ya programu, ina masharti na marudio, na inaweza kuagizwa kufungua mafaili mengine. Kwa hiyo faili la .ps kutoka kwa mtu usiyemjua litendee kama programu kutoka kwa mtu usiyemjua. Tangu toleo la 9.50 la mwaka 2019, Ghostscript hufanya kazi ikiwa imejifungia, isiguse mafaili mengine hovyo. Ukikuta mahali umeelekezwa kuongeza -dNOSAFER ili faili likubali, usifanye hivyo kwenye kompyuta yenye kazi za wateja. Hii pia ndiyo sababu ya kuweka toleo jipya: mianya ya usalama hugunduliwa na kuzibwa, na aliye na toleo la miaka kumi iliyopita hana kinga hiyo.

Ukiona dirisha limesimama likionyesha GS> usidhani kompyuta imeganda. Mkalimani anasubiri useme. Andika quit, ubonyeze Enter.

Kuna tovuti zinazogeuza .ps kuwa PDF bila kusakinisha chochote. Kwa makala iliyokwisha kutangazwa hadharani, sina neno. Lakini nimewaona walimu wakipandisha humo mitihani ambayo haijafanywa, na watu wakipandisha barua za ofisi zenye majina na namba za watumishi. Ukishapandisha, hujui faili hilo linakaa wapi wala kwa muda gani. Kazi ya siri ifanyike kwenye kompyuta iliyo mbele yako.

Hatua ya nne: tazama kabla ya kuchapa

Fungua PDF mpya kwenye SumatraPDF. Linganisha idadi ya kurasa na ile uliyoiandika kutoka kwenye %%Pages. Tazama ukurasa wa kwanza, wa mwisho, na miwili mitatu ya katikati, hasa yenye michoro na milinganyo. Juu hapajakatika? Namba za kurasa zipo?

Herufi zikionekana zina mikwaruzo kwenye skrini, kama zimechorwa kwa vidoti, tulia. Mafaili mengi ya TeX ya miaka ya tisini yalibeba fonti za vidoti, zilizopimwa kwa printa ya vidoti 300 au 600 kwa inchi. Skrini huzionyesha vibaya, karatasi huzionyesha vizuri. Mwalimu wangu aliguna alipoziona, nikamchapia ukurasa mmoja wa majaribio, akauinua kwenye mwanga wa mlangoni na kusoma alama ya intigro na vipeo vyake vyote bila miwani. Tukaendelea.

Kama unataka kuituma PDF kwa WhatsApp na imekuwa nzito kwa sababu ya picha, ongeza -dPDFSETTINGS=/ebook kwenye amri ya kugeuza. Picha zitapunguzwa hadi vidoti 150 kwa inchi, zinatosha kusomeka kwenye simu. Lakini ya kuchapa usiipunguze.

Hatua ya tano: chapa

Chapa ukurasa mmoja kwanza. Karatasi moja ya majaribio ni bei ndogo kuliko rimu nzima, na ndiyo inayokuonyesha kama pembezoni zimetosha. Kwenye dirisha la kuchapa hakikisha karatasi ni A4, kisha uchague kati ya Fit na Actual size. Kama ulishapima upya kwa -dPSFitPage, chagua Actual size, la sivyo kazi itapunguzwa mara mbili na maandishi yatakuwa madogo bila sababu. Kwa michoro yenye vipimo, kama ramani au mchoro wa fundi, siku zote Actual size, na upime mstari mmoja kwa rula kabla ya kuchapa mingine.

Printa yako ikiwa haichapi pande mbili yenyewe, chapa kwanza kurasa za namba witiri, geuza mafungu ya karatasi, kisha chapa namba shufwa. Kila printa hugeuza kwa namna yake, kwa hiyo jaribu na karatasi mbili tu, ukiweka alama ya penseli kwenye kona ili uone iliingia vipi na imetoka vipi. Ukishaijua, chora picha ya namna ya kugeuza na uibandike ubavuni mwa printa. Anayekupokea zamu atakushukuru. Na wakati wa masika hapa kwetu, karibu na ziwa, karatasi hunyonya unyevunyevu, zikajikunja na kukwama njiani pale unapochapa upande wa pili. Rimu ikae kwenye karatasi yake ya kufungia mpaka saa ya kuitumia, na isikae sakafuni.

Nimesema usitume .ps moja kwa moja kwenye printa, lakini zipo printa zinazoijua lugha hiyo. Tafuta neno PostScript au PS3 kwenye sifa zake. Baadhi ya kampuni wameweka ya kwao inayofanana nayo: Kyocera huiita KPDL, Brother huiita BR-Script3. Mashine kubwa za ofisini mara nyingi zinayo. Kwenye Linux unaweza hata kuandika lp hesabu1.ps, na mfumo wa kuchapa wa CUPS utafanya tafsiri wenyewe kabla ya kuipelekea printa. Hata hivyo mimi bado napitia PDF, kwa sababu mashine haitanionyesha ukurasa kabla ya kuutoa.

Mwalimu alitaka sura ya kwanza iwe kijitabu, akawagawie wanafunzi wa kidato cha tano waliobaki kujisomea likizo. Ilikuwa na kurasa 64. Kwenye Adobe Reader, dirisha la kuchapa lina chaguo la Booklet, ambalo hupanga kurasa mbili kwa kila upande wa karatasi, hivyo karatasi moja hubeba kurasa nne na kijitabu kizima hula karatasi 16. Kurasa zako zisipogawanyika kwa nne, mwisho wake patabaki weupe, hiyo si kasoro. Jaribio lake ni karatasi ya nje kabisa: upande mmoja uwe na ukurasa wa 64 na wa 1, na mgongoni mwake wa 2 na wa 63. Ukikuta mgongo umegeuka kichwa chini, badilisha Flip on long edge iwe Flip on short edge, kisha ujaribu tena karatasi hiyohiyo moja.

Tulichapa vijitabu ishirini, karatasi 320, tukavikunja kwa rula na kuvibana pini mbili katikati. Kwenye flashi yake nikamwekea folda mbili, moja ya PDF na nyingine ya .ps za asili bila kugusa hata moja, na nakala ya Ghostscript pamoja na zile amri kwenye faili la maandishi ili azipeleke shuleni kwake. Kisha nikaitoa flashi kwa kufuata utaratibu, kwa kubofya ile alama ya chini kulia na kusubiri kompyuta iniruhusu, maana mafaili mawili ya mwisho yalikuwa bado yanaandikwa.